Nzi Watatu wa Mashindano

Gobnait Hurley alipoteza samaki wakubwa watatu katika miaka mitatu mfululizo, wote siku ya mashindano, wote mbele ya watu, na kila mara mimi nilikuwa pale na mizani yangu. Ilikuwa vilevile kila mwaka. Ufito wa kuvulia unapinda hadi mpinini, poloki anapiga mbizi kuelekea kwenye msitu wa mwani kama wanavyofanya wote wakishanasa, na Gobnait anamzuia, miguu kaitanua juu ya mwamba, mdomo kaubana. Halafu ufito unanyooka ghafla. Anavuta mshipi, nzi anarudi mkononi mwake na manyoya yake yote, ila ndoana imenyooka kama msumari.

Hapo Fachtna Crowley hushuka polepole kwenye majabali na kumwekea mkono begani.

"Mikono, msichana wangu. Mikono yako ni mizito. Poloki mkubwa unamwachia kidogo, humng'ang'anii kama ndama aliyekwama mtaroni."

Nasi tuliitikia kwa vichwa. Nani angebishana na Fachtna juu ya poloki?

Yeye ndiye aliyekuwa na rekodi ya rasi yetu: kilo tano na gramu mia tatu, kwa nzi, kutoka mwambani, miaka ishirini na miwili iliyopita. Kwetu tunaita nzi, lakini si mdudu. Ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na dagaa wa mchangani, na katika mashindano yetu ya Septemba hakuna chambo kingine kinachoruhusiwa. Picha ya Fachtna na samaki wake ilikuwa juu ya jiko la kuni katika baa yangu. Mgeni akiingia akiwa amelowa, husogea kujipasha moto, huinua macho, huuliza, "Huyu nani?" Na Fachtna hujibu kutoka kwenye kiti cha pembeni, "Huyo ni kijana mmoja niliyemfahamu." Baada ya hapo mgeni haondoki tena mpaka nifunge.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, fundi wa mashua aliyestaafu, aliyefiwa na mke na asiye na mtoto. Gobnait alikuwa na miaka arobaini na minne, na ndiye aliyeendesha kigari cha posta kwenye rasi nzima. Alianza kujifunza kwake akiwa na miaka ishirini na mitano. Alimpelekea barua asubuhi moja akamkuta mezani anafunga nzi, akasimama kuangalia, na barua za mtaa mzima zikachelewa. Tangu hapo kila Jumamosi walikuwa pamoja mwambani. Kufunga nzi hakumfundisha. Alisema hilo ni la mwisho. Alimfundisha kuchagua.

Niliwasikia mara nyingi asubuhi, wakipitia kwangu kununua mkate.

"Maji yakoje?" Fachtna anauliza.

"Yamechafuka kidogo. Upepo wa jana."

"Mbingu?"

"Zimefunga."

"Basi unaweka nzi yupi?"

"Mweupe?"

"Mweupe! Unataka samaki amwone au amtafute? Poloki yuko chini, anatazama juu. Mbingu nzito, maji ya tope, anachokiona ni kivuli tu. Mpe kivuli. Mweusi, na zambarau kidogo mgongoni. Mweupe na kijani umweke kwa siku ya jua, maji yakiwa kama gini."

"Na yale macho mazito ya risasi?"

"Ukiwa juu ya shimo, ndiyo, azame haraka. Ukiwa juu ya mwani, hapana, utakuwa unavuna mwani mpaka jioni."

Baada ya miaka kumi Gobnait alikuwa anajibu kabla hajaulizwa. Baada ya kumi na mitano alikuwa anamshinda. Mwaka ule wa kumi na tano alitoa samaki wa kilo nne na nusu Jumamosi ya kawaida, bila mizani rasmi, akamrudisha majini. Fachtna alikuja kutuambia sisi kwenye baa kwa fahari kiasi kwamba nilidhani atalia.

Mwaka uliofuata ndipo ilipoanza desturi ya nzi watatu. Siku moja kabla ya mashindano alimpa kopo la tumbaku, ndani yake nzi watatu juu ya kipande cha sponji. Mmoja wa jua, mmoja wa mawingu, mmoja wa maji machafu.

"Hawa nimewafunga kwa ajili yako tu," alimwambia. "Usiwaguse mpaka siku yenyewe. Nzi mpya ana bahati yake."

Akapoteza samaki. Mwaka wa pili akapoteza. Katikati ya mwaka wa pili na wa tatu ilikuja barua kutoka chama cha taifa cha uvuvi: walimtaka kwenye timu ya wanawake, kwenda kushindana Uskoti. Aliipeleka barua kwa Fachtna. Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Siwezi kukudanganya," alimwambia. "Siku ya kawaida hakuna anayekufikia. Lakini watu wakitazama, mikono yako inakusaliti. Huko utajiaibisha, na utaniaibisha na mimi."

Gobnait aliandika kukataa. Alinisimulia hayo mwenyewe kwenye kaunta, akicheka kidogo, akaagiza chai badala ya bia. Nilimwambia Fachtna anajua anachosema. Mwaka wa tatu akapoteza tena, na wakati huo hata hakulia. Alikusanya vitu vyake akaenda zake.

Mwaka jana Fachtna alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kulia lilipangiwa upasuaji, na kwa kuwa hakujua tarehe itakuwa kabla au baada ya mashindano, alimpa Gobnait kopo mapema, siku nane kabla. Nzi walikuwa wa aina zilezile tatu za kila mwaka, ila mafundo ya uzi yalikuwa yamekaa ovyo kwa sababu ya macho.

Alhamisi, baada ya kumaliza barua, Gobnait alipita mwambani peke yake. Mawingu yalikuwa yametanda, bahari imetulia. Aliniambia hakukusudia kuvua kwa dhati. Alitaka tu kuona yule wa mawingu anavyoogelea, asije akashangazwa naye siku yenyewe. Alirusha, akaacha mshipi uzame, akahesabu hadi ishirini, akaanza kuvuta. Nzi akanasa kwenye mwani.

Hilo hutokea kila siku. Ukinasa kwenye mwani mnene unaelekeza ufito kwenye maji, unavuta moja kwa moja, na kipande cha mwisho cha mshipi hukatika. Chake kilikuwa cha kuhimili kilo saba. Alishaacha nzi wasiohesabika kule chini kwa namna hiyo. Alivuta. Mshipi haukukatika. Kitu kiliachia taratibu, kwa ulaini, na nzi akarudi. Ndoana ilikuwa imenyooka.

Alikaa chini pale pale.

"Hakukuwa na mtu, Nuala," aliniambia. "Hakukuwa na samaki. Moyo ulikuwa umetulia. Mwani hautikisi kichwa, mwani haukimbii. Sasa mikono yangu ilikuwa imefanya nini?"

Nyumbani alimkuta mume wake, Fiachra, anayetengeneza injini za mashua, anamenya viazi. Alipita bila kumsalimu akaenda kwenye karakana. Alimbana kwenye jiliwa nzi wa kawaida, mmoja wa wale Fachtna aliomfungia mwaka mzima, akaishika ndoana kwa koleo akaivuta. Ilikaza, ikarudi kama springi, ikakaza tena, mwisho ikavunjika kwa mlio. Akambana yule wa jua kutoka kwenye kopo. Akavuta. Ndoana ikafunguka kama waya wa kufungia uzio.

Hapo akachukua wembe, akaanza kumfumua. Alikata fundo la kichwa, akafungua uzi mzunguko kwa mzunguko, akatoa manyoya ya mbuzi, kisha nyuzi za kumetameta, kisha manyoya ya ndani, akiyapanga juu ya meza, mpaka ikabaki ndoana tupu. Kwenye kipindo, pale ndoana inapojikunja, ilikuwa inang'aa, imepigwa msasa. Chini ya uzi, pale ambapo hakuna ambaye angepaona, chuma kilikuwa na rangi ya majani makavu inayogeuka buluu, kama shingo ya njiwa.

Fiachra alisimama mlangoni na kisu cha viazi mkononi. Alisogea, akaigeuza ndoana kwenye mwanga.

"Hii imepitishwa motoni."

"Una hakika?"

"Gob, hii ndiyo kazi yangu. Chuma kigumu ukikipasha mpaka kikawa chekundu ukakiacha kipoe chenyewe, kinalainika. Mtu ameshika mwali wa gesi hapa kwenye kipindo, kisha akasugua." Akamtazama. "Nani amekufungia?"

Hakumjibu. Alipanda ghorofani akaleta mtungi mdogo wa jamu. Alikuwa amezihifadhi zile ndoana tatu za miaka iliyopita, nadhani kama mtu anavyohifadhi kitu cha kujichapia. Walizifumua pamoja, na yule wa mawingu pia, mume na mke, viazi vikisubiri. Zote nne zilikuwa na buluu.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na barua ya Fachtna kutoka hospitali ya mjini Cork. Gobnait aliingia nayo jikoni kwake kama kawaida, na kwa kuwa mzee hakuweza tena kusoma, alimsomea. Upasuaji ni Jumatatu, saa mbili asubuhi, asile kitu tangu saa sita usiku, aje na mtu wa kumrudisha nyumbani.

"Utanipeleka wewe?" Fachtna aliuliza, akitafuta buli kwa kupapasa.

Gobnait alimwaga ndoana mezani. Zilikuwa tano tupu, na moja bado na manyoya.

"Hizo nini?"

"Zishike."

Alizishika moja moja, akapitisha dole gumba. Macho yake hayakuona kitu, lakini yule alikuwa fundi, kidole kilitosha. Aliziweka chini kwa uangalifu, zikiwa zimejipanga.

"Nani mwingine ameziona?"

"Hilo ndilo la kwanza unaloniuliza?"

"Keti, Gobnait."

"Sikai. Sema."

"Niseme nini? Ni samaki tu. Samaki watatu. Wangerudishwa majini hata hivyo."

"Niliandika barua ya kukataa timu ya taifa. Kwenye meza hii. Ulinipa kalamu."

Birika lilianza kulia juu ya jiko, hakuna aliyelitoa.

"Ulipomtoa yule wa kilo nne na nusu," Fachtna alisema, "nilirudi nyumbani sikula. Nilijua mwaka unaofuata wewe utaivunja rekodi yangu. Nikajiambia, mwaka mmoja tu. Nipate mwaka mmoja wa kupumua, nizoee. Basi. Halafu ukampoteza, ukaja ukalia hapa hapa, nikakutengenezea chai."

"Nakumbuka chai."

"Nilitaka kukwambia siku ile. Naapa."

"Na mwaka wa pili?"

Mzee alifuta mdomo kwa mkono. "Mwaka wa pili ulikuwa rahisi zaidi."

Gobnait aliniambia kwamba mpaka hapo alikuwa na matumaini fulani, ya kijinga, kwamba kuna maelezo. Baada ya neno lile hakuwa nayo.

"Ungeweza kulainisha ndoana ukaishia hapo," alimwambia. "Ningelaumu kiwanda. Ningelaumu bahati. Kwa nini ulinipa mikono yangu niilaumu?"

"Kwa sababu ungekagua ndoana!" Fachtna alipaza sauti. "Wewe unakagua kila kitu, mimi ndiye niliyekufundisha! Ilibidi uangalie kwingine." Kisha sauti ikamshuka. "Mimi nina nini kingine, hebu niambie. Watu wakiingia kwa Nuala wanaiona ile picha. Wakiacha kuitazama, nabaki mzee mmoja anayenuka gundi."

"Ulikuwa na mimi," Gobnait alisema. "Miaka kumi na tisa, kila Jumamosi."

Akachukua mfuko wake wa posta akatoka. Alimaliza kugawa barua zote za siku ile. Barua ya padri ililetwa kwangu, na ya kwangu, baadaye ilionekana, ilipelekwa shule.

Alikuja kwangu saa nane mchana, baa ikiwa tupu. Alinisimulia yote, kuanzia mwani hadi birika, ndoana zikiwa juu ya kaunta kati yetu. Na sasa nifike kwangu mimi, maana hii si hadithi ambayo mimi nilikuwa mtazamaji tu.

Mwaka wa pili, Gobnait alipoitupa ile ndoana kwenye jabali kwa hasira kisha akairudia, mimi ndiye niliyeiokota nikampa. Niliishika. Niliwaza, ajabu, ndoana za aina hii hazinyooki hivi. Nimekulia kwenye nyumba ya wavuvi, nilijua. Nilimwangalia Fachtna, naye aliniangalia, na mimi nikageuka kushughulikia mizani. Sikujua kitu kwa hakika. Nilihakikisha tu kwamba sitajua.

Basi Gobnait alipomaliza, nilimwambia nini? Nilimwambia hivi: "Mzee anaingia hospitali Jumatatu. Ana miaka sabini na mmoja. Mashindano ni Alhamisi, kuna wageni kutoka Galway na Kerry. Tuyamalize kimyakimya, Gob. Wewe utavua kwa nzi wako, na kila mtu ataona."

Alinitazama kwa muda mrefu.

"Hukushtuka," alisema.

"Nimeshtuka."

"Hapana. Nimekutazama tangu nilipoanza. Umehuzunika. Hukushtuka."

Alikusanya ndoana zake. Akatoka bila kunisubiri.

Jumatatu Fachtna alipelekwa Cork na jirani. Gobnait aliomba likizo ya siku tatu posta akazitumia kwenye karakana ya Fiachra, anafunga nzi kwa mara ya kwanza maishani, kwa kukumbuka alichokiona kwa miaka kumi na tisa. Ndoana alinunua mwenyewe, na kila moja aliijaribu kwa koleo kabla ya kuifunga.

Alhamisi ilipambazuka na upepo wa kusini-magharibi na manyunyu, maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa. Watu arobaini na kitu walijipanga kwenye majabali. Fachtna aliletwa akiwa na bandeji kwenye jicho, akaketishwa kiti cha kukunja karibu na mizani, blanketi magotini. Kila aliyepita alimpa pole. Gobnait alipita bila kugeuza shingo, na nikawasikia wawili wakinong'ona kwamba leo mwalimu hasalimiwi.

Alifungua kisanduku chake akasita kidogo akikiangalia. Nilikuwa karibu, nikaona nzi wake. Walikuwa wabaya, jamani. Vichwa vikubwa, manyoya yamekatwa ovyo, mmoja kama panya aliyelowa. Alimchukua huyo panya, mweusi na zambarau, bila macho ya risasi kwa sababu jabali lake lilikuwa juu ya mwani. Alichagua sawasawa kabisa, kama alivyofundishwa.

Saa tano kasoro alimpata. Ufito ulipinda kama miaka mingine na watu wakaacha kuvua, wakatazama. Nilisikia mtu akisema, "Haya, tena." Poloki alipiga mbizi ya kwanza. Gobnait akamzuia, hakumwachia hata kidogo. Mbizi ya pili ikawa fupi zaidi. Ya tatu haikufika mwanini. Ndoana ilikaa.

Mizani ilisema kilo nne na gramu mia saba na hamsini. Hakuvunja rekodi. Lakini hakuna aliyemkaribia siku ile, na watu walimpigia makofi, hata wa Kerry. Na katikati ya makofi Fachtna aliinuka kwenye kiti chake, blanketi likaanguka, akasema kwa sauti ya baa, "Mnaona? Mikono imekomaa! Niliwaambia itakomaa!"

Nadhani asingesema vile, Gobnait angenyamaza. Alikuwa amemrudisha samaki majini, ameinama ananawa mikono kwenye kidimbwi. Aliinuka maji yakichuruzika.

"Waambie mwenyewe, Fachtna," alisema. "Au niwaambie mimi."

Fachtna, kwa jicho lake moja bovu, alinitafuta mimi, nami nikainamia mizani, nikafuta magamba ambayo hayakuwepo.

Basi Gobnait akasema. Alitumia sentensi nne au tano, bila kupaza sauti, na akampa ndoana tupu mtu aliyekuwa karibu naye ili zipite mkono kwa mkono. Wavuvi walizitazama. Kila mmoja alielewa, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Mmoja akasema, "Yesu na Maria, Fachtna." Mwingine, mwanamke, akasema mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji hafanyiwi hivi hadharani. Fachtna aliketi tena. Alitafuta blanketi lake kwa mkono asilipate, na ilichukua muda kabla mtu hajamwokotea.

Wapo hapa rasini wanaosema mpaka leo kwamba Gobnait alikuwa katili. Husema pia kwamba mzee alikosea, lakini hulisema la pili kwa sauti ndogo. Yeye Fachtna haji tena kwangu. Alikuja mara moja, jicho la pili likiwa limeshatibiwa, akatoa picha ukutani bila kuomba, akaibeba kwapani akaenda. Nimemwona mwambani peke yake siku za Jumapili, anavua vizuri tu.

Mimi nilikaa miezi miwili kabla sijapata ujasiri. Nilimsubiri Gobnait mlangoni asubuhi moja ya mvua nikamwambia kuhusu ile ndoana niliyoiokota mwaka wa pili. Nilimwambia samahani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, injini ya kigari ikiunguruma.

"Fachtna alikuwa na picha yake ya kuilinda," alisema. "Wewe, Nuala, ulikuwa unalinda nini?"

Nikamwambia sijui. Alitikisa kichwa, akanipa barua zangu kupitia dirishani, akaondoka. Masika waliandika tena kutoka chama cha taifa, na safari hii alikubali; niliyasoma kwenye gazeti, kwa maana hakuniambia.